Mchango wa Mchoro

Tumezoea kuchanga.
Harusi ya binti wa jirani, tunachanga.
Msiba wa mpangaji ambaye hatukujua hata kwao, tunachanga.
Kadi huja na ahadi, ahadi huja na simu,
simu usipopokea, jina lako huanikwa kundini kwa herufi kubwa.
Lakini mchoro!
"Nani amewahi kuona watu wazima
wakichangia karatasi?"

Ndivyo alivyoanza Bwana Kimbau
ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi, saa nne,
feni imekufa,
viti tumeazima kwa fundi cherehani.
Mimi mweka hazina. Daftari hili hapa.

Shirika limesema treni itasimama Kwa Limbanga,
si kwa hisani ya dereva kama sasa,
bali kwa stesheni, yenye paa, yenye jina.
Ila kwanza ichorwe,
na kuchorwa ni milioni arobaini na nane.
Nusu watatoa wao. Robo, manispaa.
Robo inayobaki, mtajua wenyewe.

Milioni kumi na mbili za kujua wenyewe.

Bwana Hirji wa ghala la saruji akasema sita,
mlango wa stesheni ukitazama ghala.
Mwenye shule ya chekechea akasema mbili,
mlango ukitazama shule.
Mchungaji nusu, imamu nusu;
hawakutaja mlango, walitazamana tu.
Zikabaki tatu.
Kaya mia sita, elfu tano tano,
hesabu ikakubali upesi mno, nikaiogopa.

Nyuma kabisa akasimama Siwazuri,
yule wa mihogo na chai ya tangawizi,
taruma la kumi na moja kutoka kwenye nguzo.
"Kwenye karatasi hiyo, mimi niko wapi?"
Lusajo, kijana mchoraji, akageuza kompyuta,
akatafuta, akakuza, akapunguza.
"Hapo, mama, patakuwa na maua."
"Maua."
"Ndiyo, mama."
"Basi elfu tano yangu inanunua kifutio."

Watu wakacheka.
Kisha kicheko kikakosa pa kukaa.
Kwenye muhtasari niliandika: *Hoja ilijadiliwa.*
Haikujadiliwa. Tuligawa soda.

Jumatatu, kumi na moja alfajiri,
Lusajo akaja na futi yake, hakutumwa na mtu.
Siwazuri akamshikisha kikombe kwanza.
Akapima jiko. Akapima benchi.
Akapima moshi unakofika upepo ukitoka Pugu,
na moshi haupimiki, lakini alijaribu.
Treni ikaja. Akamwona Mzee Tuwa
akitanguliza magongo kwenye kokoto,
kisha mguu, kisha Bismillahi.
Kijana aliacha kupima.
Akasimama na futi imejikunja mkononi
mpaka behewa la mwisho likapita.

Siwazuri alilipa wiki ya tatu,
sarafu za mia mbili, ishirini na tano,
zimenuka mafuta.
Nilizihesabu mara mbili bila sababu.
Akataka risiti. Nikaandika *mchango*.
"Futa. Andika *nafasi*."
Nikaandika. Sijui kama sheria inalitambua neno hilo
kwenye risiti ya kitabu cha dukani.

Mchoro umekwisha. Upo kwangu,
ndani ya bomba la plastiki, nyuma ya mlango, na mafagio.
Tofali halijaja hata moja.
Treni ingali inasimama kwa hisani,
na dereva mpya hana hisani nyingi.
Bwana Hirji ananipigia kuuliza mlango.
Simu yake huwa nampa mtoto apokee.

Karatasi ya saba, chini, kona ya kulia,
pana kimraba kidogo, sitini kwa sitini,
ndani yake neno moja: *jiko*.
Ijumaa Siwazuri hupita kulikagua
kama mtu aliyelima mbali.
Namkunjulia mezani, nabana pembe kwa vikombe.
Hufuta mikono kwanza,
kiganja, mgongo wa mkono, kila kidole,
ndipo anaweka kidole.